Ipime Lugha kwa Jedwali la Namba

Anayechagua lugha ya programu kwa hesabu za sayansi huulizia mbio kwanza. Mimi huanza na jedwali.

Tengeneza jedwali la mistari 10,000 na safu 10,000. Hizo ni namba milioni 100. Kila moja ikichukua baiti 8, umejaza megabaiti 800. Jumlisha mstari kwa mstari, kisha safu kwa safu, huku umeshika saa. Fortran, R na Julia huzipanga namba kwenye kumbukumbu kwa kufuata safu. C hufuata mistari, na NumPy ya Python vilevile, usipoielekeza vingine. Kompyuta nyingi huchota baiti 64 kwa mkupuo mmoja, yaani namba 8. Ukifuata mpangilio, zote 8 zinatumika. Ukienda kinyume, unatumia moja na 7 umezibeba bure. Seremala aliyewahi kuranda mbao kinyume cha nyuzi zake ananielewa.

Kisha andika kitanzi cha kawaida. Hapo Python tupu huchoka, kwa sababu kila namba huifunga kama kifurushi na kuifungua upya. NumPy huokoa jahazi ikiwa hesabu yako inakubali kufanyika kwa jedwali zima kwa pamoja. Ikiwa kila hatua inasubiri iliyotangulia, nenda Julia, au Fortran. Fortran ni ya 1957, lakini usiidharau: NumPy, R na Julia zinapotatua milinganyo, hutegemea LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni jinsi lugha inavyokosea. Chukua namba kamili kubwa kuliko zote inayobebeka, uongeze 1. R, ikifika 2147483647, hurudisha NA pamoja na onyo. Sishangai: walioianzisha, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, ni wanatakwimu, na mwanatakwimu anajua thamani ya kukiri kwamba jibu halipo. Python yenyewe huendelea tu, maana namba zake kamili hazina kikomo. Lakini jedwali la NumPy hugeuka hasi kimya kimya, na Julia pia. Jumla ikitoka hasi, angalau utashtuka. Ikizunguka tena ikarudi kuwa chanya, itapita kwenye ripoti bila mtu kuishuku. Kwa hiyo jaribio hili hulifanya siku ya kwanza, kabla data yenyewe haijafunguliwa.