Pwani ya Shela na neno "tupu"

Mashairi ya mwambao yamelizoea mno neno "tupu". Mshairi afikapo Shela, kisiwani Lamu, akaupita msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, akaziacha nyumba za mwisho na kuingia katika ule mchanga unaoendelea kiasi cha kilomita 12, aghalabu huanza kusifu upweke. Mchanga mweupe, upepo mwanana, hapana mtu. Vina vinapatikana bila taabu, mizani inatimia, na ubeti wa mwisho humshukuru Mola. Kwa kanuni shairi halina ila. Ila yake ni kwamba pwani yenyewe haikutazamwa.

Utupu huo ni wa juu juu. Mvua inyeshapo juu ya matuta yale, mchanga huinywa mara moja. Maji hushuka, yakatua juu ya maji ya chumvi yaliyo chini kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Visima vya Shela vinavyounywesha mji wa Lamu huteka humo. Tuta likichotwa mchanga wa kujengea, au likachimbwa mashimo ya vyoo, kinachoguswa ni mtungi wa mji mzima. (Atasema mtu kuwa visima na vyoo si mambo ya kishairi. Tangu lini kiu ikawa si jambo la kishairi?) Anayetaka kuuza viwanja juu ya matuta naye husema kuwa mahali hapo ni patupu, hapana kitu. Mshairi aliyetangulia kulisema hilo kwa vina amemrahisishia kazi.

Wakale walikuwa na jicho jingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Pate na Mombasa yalishuka Shela kuivamia Lamu, yakashindwa. Yasimuliwa kuwa waliovikimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani, maji yamekupwa. Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walitunga katika uhasama wa miji hiyo, kila mmoja upande wake, na kwao pwani hiyo ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na wafu. Naye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipozikabili nyumba za Pate zilizohamwa hakutosheka kusema kuwa ni tupu. Alihesabu: waliokuwamo, vilivyokuwamo, na viumbe vilivyoingia baada yao. Ukiwa wa utenzi ule unatokana na hesabu hiyo.

Kazi hiyo ndiyo inayokosekana katika tungo za Shela za siku hizi. Kasa hupanda usiku kutaga na kuacha mburuzo wake mchangani. Kusi linapovuma mawimbi huwa makubwa, na tuta hubadili umbo. Mvuvi hurudi na kamba yake begani. Beti zina mwezi, zina mpenzi asiyekuja. Kisima hakimo.