Asili na Nakala: Sanamu za Kirumi na Nguzo za Tongoni

Kwa muda mrefu sanamu za Warumi zilisomwa kana kwamba si zao. Johann Joachim Winckelmann, katika historia yake ya sanaa ya kale iliyochapishwa mwaka 1764, aliwapa Wayunani kilele cha uzuri, na waliokuja baada yao akawaona kuwa wafuasi tu. Mwaka 1893 Adolf Furtwängler akaifanya rai hiyo kuwa kanuni ya kazi. Alizikusanya sanamu za marumaru zilizochongwa zama za Warumi, akazilinganisha kiungo kwa kiungo, akazitafuta nyuma yake kazi za Wayunani zilizopotea. Mfano mashuhuri ni yule kijana mchukua mkuki aliyefukuliwa Pompeii. Shaba nyeusi ya Polykleitos imepotea, marumaru imebaki. Walakini wataalamu waliitazama marumaru hiyo kama mtu atazamaye dirishani, haja yake ni kilichoko nje.

Siidharau kazi yao. Bila ya subira ya Furtwängler tungelijua machache sana juu ya Polykleitos. Lakini njia ile ilikuwa na swali moja tu, nalo ni: kimetoka wapi? Haikuuliza Mrumi aliitakia nini sanamu ile, wala kwa nini huyo huyo, alipotaka sura ya mzee wa ukoo wake, hakuona aya kuonyeshwa kunyanzi zake zote. Franz Wickhoff mwaka 1895, na Alois Riegl mwaka 1901, ndio waliodai kwa nguvu kwamba sanaa ya Warumi ipimwe kwa makusudio yake yenyewe.

Nawaletea wanafunzi wetu habari hizi kwa kuwa swali lile lile liliulizwa katika pwani yetu, tena likasikizwa kuliko yote. Atokaye Tanga kwenda Pangani hupita Tongoni, katika nchi ya Mtang'ata, ambako mwaka 1499 watu wa Vasco da Gama waliichoma moto merikebu yao, São Rafael. Pana msikiti uliobomoka na makaburi yapata arobaini, ambayo baadhi yake yana nguzo za mawe. Nyingi zimeanguka.

Richard Burton, alipofika mwaka 1857, kilichomvutia ni kigae chenye maneno ya Kifarsi. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1955, alikuja pwani yetu Sir Mortimer Wheeler, mtu aliyepata sifa kwa kuchimba miji ya Kirumi huko Uingereza, naye akatilia mkazo vigae vya Kichina. Kwa kuhesabu miaka, vigae ni ushahidi mwema. Lakini kaburi likageuka kuwa kabati la bakuli! Nguzo ikasomwa kwa ajili ya kilichobandikwa juu yake, kama marumaru ilivyosomwa kwa ajili ya shaba.

Tuitazame basi nguzo yenyewe. Tumbawe la baharini hukatwa likiwa bado na maji, wakati ambapo ni laini na hukubali tezo. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Fundi hana muda mwingi, na kosa lake halifutiki. Pande za nguzo, ziwe nne au nane, huzigawa kwa mistari iliyozama kidogo tu, na jua la asubuhi likilala ubavuni kila mstari hutoa kivuli chembamba. Kisha huchimba kishimo cha duara, sawasawa na bakuli ambalo hakulifinyanga yeye, na ambalo aliyelifinyanga alilikusudia chakula. Hakuna Mchina aliyemfundisha kulisimamisha kaburini likitazama watu. Vishimo vingi leo ni vitupu, kwa kuwa bakuli zimeng'olewa. Nami nathubutu kusema kwamba katika utupu huo kazi ya fundi huonekana wazi zaidi.

Huenda mtu akapinga kwamba nguzo si sanamu, kwani haina uso. Ni kweli, wala sidai kwamba fundi wa Mtang'ata ni Mrumi aliyepotea njia. Hata hivyo, yule Mrumi wa marumaru aitwaye Togatus Barberini, ashikaye vichwa viwili vya wazee wake, na nguzo iliyoinuliwa juu ya maiti wa Tongoni, vyote viwili huwaambia wapitao kuwa hapa pana ukoo wa kuheshimiwa. Mmoja alisema kwa sura, mwingine kwa kimo.

Rai ya kwamba kila kizuri cha pwani kililetwa tayari kutoka Uajemi au Arabuni imekwisha dhoofika. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine. Nguzo za Tongoni bado hazijapata msomaji wa namna hiyo. Vipimo vya bakuli tunavyo; alama za tezo katika tumbawe, ambazo chumvi na mvua zinazila kila mwaka, ni nani aliyezichora?