Siri ya Mgonjwa na Bunduki ya Jirani

Ukiomba kumiliki bunduki Kibaha au Kisarawe, ndugu msomaji, safari ya maombi yako huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, ikapanda kata, wilaya, hadi mkoa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na akili timamu. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya namna utimamu huo unavyopimwa.

Kijijini Kisarawe, ambako mkulima ataka bunduki ya kufukuzia nguruwe mwitu shambani, wajumbe wamjua mwombaji tangu utoto. Hilo ni jambo jema. Daktari wa Tumbi aliyemwona mara moja hawezi kuwashinda. Lakini wayajuayo yamechanganyika na uvumi. Mtu aliyewahi kulazwa Mirembe, Dodoma, hata kama alipona miaka ishirini iliyopita, jina la "wa Mirembe" halimtoki. Yule ampigaye mkewe kila mwisho wa mwezi hajawahi kukanyaga hospitali ya akili, basi faili lake ni safi, na huenda ni mzee wa heshima mwenye duka. Hatari ya nyumbani si ya kubuni: Mei 2022, Mwanza, mfanyabiashara alimuua mkewe kwa bastola, kisha naye akafa. Ningekuwa mjumbe, ningeanza kwa kumsikiliza mke, peke yake.

Wako wasemao hospitali ziwape polisi orodha ya wagonjwa. Hapo siafiki hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Tena Kanuni yetu ya Adhabu inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwenye bastola kabatini na mawazo ya kujiua kichwani, akijua neno lake kwa muuguzi litafika kituoni, atanyamaza. Bastola itabaki pale pale.

Daktari aulizwe swali moja: kwa sasa huyu aweza kukabidhiwa silaha, ndiyo au hapana? Jina la ugonjwa, dawa na tarehe za kulazwa vibaki hospitalini. Jibu liende moja kwa moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, lisipitie kwa mjumbe, maana mjumbe naye hunywa kahawa kijiweni kama sisi. Na anayejiona hayuko sawa aweze kuikabidhi bunduki yake kituoni bila kuulizwa sababu, akaifuate atakapopona.