Kunoa si Kuchonga: Istilahi za Ubapa wa Kiatu cha Hoki ya Barafu

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Neno likimfikia fundi naye akafanya kazi isiyokusudiwa, neno hilo limeshindwa, hata likiwa linapendeza masikioni. Jambo hili ladhihirika katika hoki ya barafu, mchezo uliostawi Kanada na nchi nyingine za baridi, ambao sasa umefika kwetu pia: Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Kiatu cha mchezo huu husimama juu ya ubapa wa chuma wenye unene wa milimita 3 hivi. Ubapa huo hufanyiwa kazi mbili zilizo mbalimbali. Kwanza, jiwe la mashine hupitishwa chini yake likaacha mfuo wenye umbo la tao, na kingo mbili za mfuo huo ndizo makali. Pili, chuma husagwa kwa kufuata urefu wake, toka nchani hadi kisiginoni, kipate mpindo kama wa tako la mtumbwi, hata sehemu ndogo tu ya ubapa iguse barafu.

Mfasiri anayetegemea kamusi ya kawaida huelekea kuziita kazi zote mbili "kunoa". Hapo ndipo tunapopinga. Kunoa hurudiwa mara kwa mara na hula chuma kidogo; lakini umbo la urefu likiharibiwa, chuma kilichosagwa hakirudi. Mchezaji aliyetaka makali tu aweza kurudishiwa viatu vilivyobadilika tabia kabisa.

Tatizo la pili ni vipimo. Kazi zote mbili hupimwa kwa nusukipenyo cha duara, ila kwa viwango vilivyo mbali sana: mfuo aghalabu kwa milimita 13 au 16, mpindo wa urefu kwa mita 3 hivi. Ubapa wa mlinda mlango, uliokaribia kunyooka, waweza kufika mita 9. Basi mfasiri akiandika "kunoa kukubwa", msomaji atadhani mfuo wa kina kirefu. Kweli ni kinyume: nusukipenyo kikizidi, kina hupungua. Tena kina chenyewe ni kidogo mno. Ubapa wa milimita 3 ukinolewa kwa nusukipenyo cha milimita 13, mfuo haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Hata hivyo mchezaji huhisi tofauti. Mfuo wa kina hushika barafu barabara. Wa kina kifupi huteleza kwa wepesi. Kwa hiyo mchezaji mzito, au barafu laini, hufaa kina kifupi. Mchezaji mwepesi, au barafu ngumu, hufaa kina zaidi.

Je, tutohoe maneno ya kigeni? Hatuoni haja. Walimu wa fizikia wamekwisha kuzoea "mbonyeo" na "mbinuko" katika vioo na lenzi. Mfuo wa ubapa ni mbonyeo. Mpindo wa urefu ni mbinuko. Atakayesema kwamba maneno hayo ni ya vioo tu asahau kioo aitazame dhana: ni umbo lile lile. Na kwa vitenzi, kunoa kubaki kwa mbonyeo, kuchonga kuwe kwa mbinuko. Kuchonga si kwa seremala peke yake. Karakana zetu huchonga vyuma kila siku. Neno "makali" nalo litajwe kwa zile kingo mbili tu, si kwa kazi yenyewe.

Mapendekezo haya yakikubaliwa, agizo kwa fundi litaandikwa kwa maneno machache yasiyo na utata: "Noa mbonyeo kwa nusukipenyo cha milimita 13, mbinuko usiguswe."