Berso mu nyumba zetu: inanunuliwa kwa ajili ya nani?

Watu wakisikia neno "mila", wanawaza mara moja ngoma, mahari, matanga, ao nyimbo za mapasa. Hakuna mwenye kuwaza kitanda cha mutoto. Lakini kitu chenye kununuliwa na vijana wengi waliooana hapa Lubumbashi, chenye kugombanisha bibi na bwana, chenye kufichwa mbele ya nkambo na kuonyeshwa mbele ya wageni, kitu kama hicho kimekwisha kuingia mu desturi zetu, tupende tusipende. Tunaweza basi kukichunguza sawa vile tunavyochunguza kinyago ao ngoma: nani alikitengeneza, kwa kazi gani, na kama kazi hiyo inafanyika. Neno letu tunalisema toka mwanzo: berso ya muji wetu inatengenezwa kwa macho ya mugeni. Mutoto hakuulizwa. Mama yake naye hakuulizwa.

Pitia siku moja ku barabara za Kenya (komini yetu, si ile inchi), ao za Katuba. Mafundi wa mbao wanapanga kazi zao kando ya njia: viti vya saloni, kabati, milango, masanduku ya maiti, na katikati yao berso. Wengine hawapendi kuona berso na sanduku vikisimama pamoja, lakini ni mukono mumoja wenye kutengeneza vyote viwili, na fundi haoni haya. Tuseme haki: berso ile ni kazi nzuri. Ku kichwa kumechorwa moyo, ao ndege wawili. Miguu imekatwa kwa duara ili kitanda kipepee. Verni inang'aa mpaka unajiona uso. Mwenye kupenda kazi ya mikono atasimama na kusifu.

Muzazi yeye anapaswa kupima. Chukua kopo ya Coca, ile ndogo ya kawaida, na ujaribu kuipitisha katikati ya fito za ubavu. Ikipita, kitanda hicho si cha kulaza mutoto. Huu si muchezo wetu wa kubuni. Kule Ulaya kanuni inaomba nafasi kati ya fito isipungue sentimeta 4.5 wala isipite 6.5, Marekani, tangu mwaka 1973, haipaswi kupita 6. Nafasi ikizidi, mwili wa mutoto unapita na kichwa kinabaki. Mafundi wengi hawajui hesabu hiyo, na si kosa lao, maana hakuna aliyewapa. Wanahesabu namna ingine: fito chache, mbao kidogo, bei inashuka. Na mnunuzi anafurahi kwa sababu ya bei.

Kisha kuna mbao zenyewe. Zamani wazee walitumia mulombwa uliokaushwa vizuri. Miaka ya 2010 miti ya mukula, ndugu yake mulombwa, ilikatwa mu Katanga kwa wingi na kupelekwa China, mpaka mwaka 2019 ikawekwa chini ya ulinzi wa mapatano ya CITES. Siku hizi fundi anachukua mbao anayoipata, mara nyingi mbao mbichi. Bibi na bwana mumoja, wote walimu, walituambia kwamba berso yao ililia usiku tangu mwezi wa pili: mbao zilikauka, misumari ikalegea, fito mbili zikaanza kuzunguka mu tundu zake. Walirudi kwa fundi. Fundi akaongeza misumari. Sasa ncha za misumari zilitokea ndani.

Wengine wanakimbilia okazio ya Bulaya. Hapo mwenye kuuza ana neno moja tu: "Iyi iko ya Bulaya, mama, haivunjikake." Inavunjika. Mutu anaifungua kule ili iingie mu kontena, inasafiri miezi, inafika hapa na vis tatu zimepotea, na mahali pa vis wanafunga kamba ao waya. Matela yake haikuja. Unanunua musi, unaikata kwa kisu, na pembeni panabaki shimo lenye kuingiza vidole vinne. Zaidi ya hayo, kuna zile zenye ubavu wa kushusha na kupandisha. Marekani ilikataza kuzitengeneza na kuziuza tangu mwezi wa 6 mwaka 2011, kwa sababu ubavu uliachia na watoto walikufa. Kitu kilichokatazwa kwa watoto wa wengine hakipaswi kuwa zawadi kwa watoto wetu. Juu ya vile vitanda vya kukunja vya chuma na nguo, vyenye kuingia kwa njia ya Kasumbalesa, tutasema kidogo: ni vyepesi na ubavu wake ni wa neti, ila matela yake ni nyembamba, na wazazi wanaongeza mto chini ya mutoto, jambo ambalo waganga wa watoto wanakataza. Mutoto alale chali, juu ya matela ngumu, bila mto.

Lakini hata berso iliyotengenezwa vizuri kabisa inagonga ukuta mumoja mu nyumba zetu, na hapa njo tunapenda kusimama kwa muda. Ukuta huo ni musitikere.

Inchi yetu ni ya pili mu dunia, nyuma ya Nigeria, kwa hesabu ya wagonjwa wa malaria, na wenye kufa zaidi ni watoto wenye hawajafika miaka mitano. Kila familia inajua. Musitikere yenye dawa inatolewa bure katika kampeni, na kadiri ya hesabu ya kampeni moja ni ya watu wawili hivi. Imepimwa kwa kitanda kikubwa. Unaifunga ku dari kwa kamba ine, unaingiza pembe chini ya matela, basi. Sasa niambie: berso iko wapi? Iko nje. Iko pale kando ya ukuta, na moyo wake na ndege wake wawili, na mbu wanapita. Mama mwenye akili atafanya nini saa ine ya usiku? Atamubeba mutoto, atamuingiza ndani ya musitikere pamoja naye. Kesho vile vile. Kisha juma moja, berso imejaa bilamba. Mama mumoja alitujibu bila kucheka: "Mi nalala naye. Ile kitu njo kabati yetu."

Watu wanasema mama yule ni "wa kizamani", hajui kuishi. Sisi tunasema yeye alisoma nyumba yake vizuri kuliko fundi na kuliko bwana aliyenunua. Berso isiyo na mahali pa kufungia musitikere, mu inchi ya malaria, ni kama mutumbwi usio na kafi: unaupaka rangi, hauendi.

Tulitoa wapi basi kitu hiki? Hakikutoka kwa bankambo. Mutoto wa kwetu alilala ku mukeka na mamake, muchana ku mugongo ndani ya kikwembe, na mbele ya bikwembe ndani ya ngozi laini. Berso ilikuja na mugini wa kampani. Karibu na mwaka 1928 Union Minière iliacha kutegemea wafanyakazi wa kupita, ikataka mutu akae na bibi yake na azae hapa. Watoto wakawa kazi ya kampani: kuzaliwa ku materniti, kupimwa kilo, kupewa maziwa na uji. Mama wakaitwa ku fuaye sosiale kujifunza kushona, kupika, kupanga nyumba namna ya Wazungu. Hatukatai kwamba watoto wengi waliokoka. Tunasema tu kwamba pale mama wa Elisabethville alianza kuzoea jicho la mutu mwingine juu ya mutoto wake.

Jicho lile likaingia mpaka mu chumba cha kulala. Mwaka 1948 serikali ya Wabeleji ilianzisha karte ya meriti sivike, na mwaka 1952 ikaweka imatrikilasio kwa wale waliotaka kuhesabiwa kama wastaarabu. Komisio ilikuja mu nyumba. Iliangalia meza, uma na visu, namna bibi alivyojibu, mahali watoto walipolala. Ebolue aliyengoja komisio alijua kwamba kila kiti ni jibu la mutihani. Uhuru ulikuja mwaka 1960, komisio ikaenda, lakini sisi tunaendelea kupanga nyumba kana kwamba itabisha hodi jioni. Ndiyo maana bwana kijana anaingiza wageni moja kwa moja mu chumba awaonyeshe berso, na hakuna mutu anauliza kama mutoto analala hamo.

Sasa, ku upande mwingine wako wazee wetu. Nkambo akiona berso mbele ya siku ya kuzaa, anakasirika: "Mutoto hayazaliwa, mulishamununulia kitanda? Munaita nini?" Vijana wanacheka, wanasema ni uchawi tu. Kijana mumoja wa Kampemba alinunua kwa siri, akaficha berso miezi miwili kwa rafiki, chini ya hema, mvua ikaipiga. Tunawaomba vijana wasicheke upesi. Katazo lile lina woga ndani yake, ndiyo, woga wa watu waliozika watoto wengi. Lakini lina pia hesabu. Franka yenye kwenda ku berso mwezi wa saba haiko tena siku ya kuzaa, na siku ya kuzaa njo siku ya kulipa. Sisi wote tunajua mama waliozuiliwa ku lupitali na mutoto wao, siku nyingi, kwa deni ambalo lilikuwa dogo kuliko bei ya kitanda kilichowangoja nyumbani. Mu mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianzisha programu ya kuzalisha mama bila malipo, kuanzia Kinshasa, kisha mu provinsi zingine. Ni jambo zuri. Hata hivyo layeti, transpo, na ugonjwa wa gafula vinabaki ku mufuko wa familia. Kama ni mapasa, hesabu yote inarudiwa mara mbili, maana kwetu hakuna mwenye kuvalisha mumoja na kuacha mwenzake.

Wengine watasikia hapa kwamba tunataka kila mutu arudie mukeka. Hapana. Kitanda cha mama si mahali patakatifu. Ni kitanda chenye baba mwenye pengine ametoka kunywa, mutoto wa kwanza wa miaka miwili mwenye kupiga miguu, mablanketi, mito. Kitoto cha wiki tatu mu katikati yao kiko hatarini, na mama anajua, njo maana halali usingizi mzima. Waganga wanashauri mutoto alale mu chumba cha wazazi, pahali pake mwenyewe, karibu na mukono wa mama. Shauri lile linapatana na desturi yetu kuliko tunavyofikiri: wakati wa zamani mama aliyezaa alikaa na mutoto pembeni, na bwana alilala pengine kwa muda. Desturi ile ilimupa mutoto nafasi. Chumba cha meta tatu kwa tatu mu lopango ya kukodi kinaipunguza, na berso kubwa ya kuonyesha wageni inamaliza kabisa ile iliyobaki.

Kuna jambo moja ambalo watu hawapendi kulisema kwa sauti. Berso ya familia inaazimwa: kutoka kwa dada mukubwa kwenda kwa mudogo, kutoka kwa mudogo kwenda kwa bibi wa ndugu. Ni desturi nzuri, na ni yetu kweli. Lakini mutoto akifariki, tumeona familia zenye kukataa kitanda kile kiendelee. Wanakipasua, ao wanakiuza mbali, kwa mutu asiyejua. Kwa sababu hiyo mama mwenye kununua berso iliyotumiwa mu karché anauliza kwanza: "Mwenye alilala humu, iko wapi?" Swali lile wengine wanaliita ushirikina. Sisi tunaliona ni swali bora kuliko yote yenye kuulizwa mbele ya berso. Mbele ya ile ya Bulaya hakuna mwenye kuliuliza, na pale njo lingefaa zaidi.

Tulimupelekea fundi mumoja wa Katuba kopo ya Coca pamoja na karatasi yenye vipimo. Alitazama kwa muda mrefu, akaomba tumwachie karatasi. Tulimuomba pia aongeze nguzo ine ku pembe, meta moja na nusu toka chini, za kufungia musitikere ndogo, na aondoe miguu ya duara, ili kitanda kisimame karibu kabisa na cha mama. Akasema nguzo ni mbao kidogo tu, hazipandishi bei sana. Akauliza moyo na ndege abakishe ao aondoe. Tulimwambia abakishe. Miaka yote aliyotengeneza berso, alituambia, wateja walimuuliza rangi, walimuuliza bei, walimuuliza siku ya kuchukua. Juu ya mbu, sisi tulikuwa wa kwanza.