Sura Isiyo na Jina: Uhakiki wa Tafsiri ya Picha kuwa Sanaa ya Mfarishi katika Kazi za Bisa Butler

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna picha ya kamera inavyohaririwa, kukuzwa na kugeuzwa kuwa mfarishi, yaani shuka la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, linaloangikwa ukutani kama kazi ya sanaa. Mfano mkuu ni kazi za Bisa Butler wa Marekani. Makala inadai kwamba kazi ya aina hii ina matini chanzi mbili, picha na kitambaa, na kwamba ubora wake hupimwa kwa jinsi inavyozisikiliza zote mbili. Inaonesha pia kwamba jina la mtu aliyepigwa picha ni miongoni mwa mambo yanayopotea mapema katika safari hiyo, na inatoa mapendekezo kwa taasisi za Afrika Mashariki zinazohifadhi picha za zamani kidijitali.

1.0 Utangulizi

Neno mfarishi limo katika kamusi za Kiswahili, lakini halisikiki sana katika mazungumzo ya kila siku. Anayeiona nguo hiyo huelekea kuiita shuka la viraka, na hapo ndipo ugumu wa kwanza wa mhakiki unapoanza. Kiraka katika Kiswahili ni alama ya uchakavu. Hutiwa pale nguo ilipotoboka. Kipande cha kitambaa katika mfarishi hakizibi tundu. Hukatwa kwa makusudi, hupangwa juu ya kingine, na vyote hushonwa kupitia ujazo wa pamba hadi kitambaa cha chini.

Ufundi huu una historia ndefu miongoni mwa Wamarekani Weusi. Mfarishi wa visa vya Biblia ulioshonwa na Harriet Powers wa Georgia katika karne ya 19 umehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian. Powers alizaliwa utumwani, na maumbo yake yamelinganishwa na watafiti na vitambaa vya kubandika vya Dahomey. Jambo jipya katika miongo ya karibuni ni chanzo cha taswira: mshonaji wa leo anaweza kuanza na picha iliyotolewa katika hifadhi ya kidijitali, akaihariri, kisha akaikata upya katika pamba na hariri.

2.0 Picha inapogeuzwa kuwa toni

Mchakato wa kawaida ni huu. Picha huingizwa katika programu ya kuhariria na rangi zake huondolewa. Vivuli vyake vingi hupunguzwa hadi viwango vichache, mara nyingi vinne au vitano. Shavu lililokuwa na mteremko laini wa mwanga huwa visiwa vyenye mipaka. Picha hukuzwa na kuchapwa kwenye karatasi kadhaa zinazounganishwa. Kila kisiwa hupewa namba, hukatwa kama kiolezo, na kila kiolezo hutafutiwa kitambaa chenye wekundu, weusi au weupe unaolingana na kiwango chake. Ipo pia njia fupi, ya kuchapa picha yenyewe juu ya pamba iliyotiwa dawa ya kushika wino.

Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, aliita uhamishaji wa maana kutoka mfumo mmoja wa ishara hadi mwingine kuwa aina mojawapo ya tafsiri. Kwa msingi huo, njia fupi ni sawa na kunakili matini katika hati nyingine. Njia ndefu ni tafsiri hasa, kwa kuwa inamlazimisha mshonaji kuamua kipi kibaki na kipi kiachwe.

Uamuzi huo haufai kuachiwa programu. Programu hupima mwanga tu. Inapopewa sura ya mtu mwenye ngozi nyeusi sana na kuachwa ikate viwango yenyewe, inaweza kuiangusha sura nzima katika kiwango kimoja cha chini, na pua, kope na mstari wa midomo vikatoweka. Tatizo hili lina mizizi katika kamera za filamu: kadi ambazo maabara za picha zilitumia kusawazishia rangi za filamu za Kodak, zilizojulikana kwa jina la Shirley, kwa muda mrefu zilibeba sura ya mwanamke Mzungu. Kwa hiyo mhariri anayerithi picha ya zamani hurithi pia upendeleo uliokuwamo ndani ya filamu, na asipoingilia kwa mkono wake huukuza pamoja na picha.

3.0 Rangi mahali pa ngozi

Bisa Butler alizaliwa New Jersey mwaka 1973, baba yake akiwa Mghana. Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard, ambako mkabala wa kundi la AfriCOBRA, lililoanzishwa Chicago mwaka 1968 na kupenda rangi kali zinazong'aa, ulikuwa na nguvu. Maonesho yake ya kwanza peke yake katika makumbusho yalifanyika Katonah, jimbo la New York, mwaka 2020, kisha yakahamia Art Institute of Chicago.

Butler huanza na picha, mara nyingi ya kihistoria na ya rangi nyeusi na nyeupe. Huikuza hadi kimo cha mtu, huchora juu yake mipaka ya mwanga na kivuli, kisha huchagua vitambaa. Suluhisho lake kwa tatizo la toni ni la kijasiri: haishoni ngozi kwa rangi ya ngozi. Paji la uso huweza kuwa la buluu, shavu la zambarau, ncha ya pua ya manjano. Mtazamaji huona mtu Mweusi bila shaka yoyote, kwa kuwa mpangilio wa mwanga umehifadhiwa huku rangi ikiachwa huru kueleza hali ya nafsi.

Katika The Safety Patrol (2018), kazi iliyotokana na picha ya Charles "Teenie" Harris ya mwaka 1947, mvulana aliye mbele amenyoosha mikono kuwazuia wenzake waliosimama nyuma yake. Katika picha, ishara hiyo ni ya mtoto aliyepewa zamu ya kuwavusha wenzake barabara. Katika mfarishi, watoto wanapomkabili mtazamaji kwa kimo chao halisi, mikono hiyo inakuwa ngao. Hapa tafsiri imeongeza maana bila kuisaliti matini chanzi.

Hata hivyo mtindo huu una gharama yake. Mara nyingi mandhari ya picha huondolewa, na mahali pake huwekwa kitambaa chenye maua. Watu wote huvikwa fahari inayokaribiana. Picha zilizopigwa ili kuonesha hali za maisha hupoteza kuta, barabara na msongamano uliowazunguka wahusika. Heshima imerudishwa, lakini sehemu ya ushahidi imefutwa. Mhakiki anayesifu jambo la kwanza hana budi kulitaja la pili.

4.0 Kitambaa nacho husema

Matini chanzi ya pili husahaulika kwa urahisi. Kitambaa anachokipenda Butler ni kile ambacho Afrika Mashariki na Kongo hukiita kitenge, kikiwemo cha kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Asili ya ufundi wake ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Ulaya, lakini maana zake zilitiwa sokoni. Wafanyabiashara wanawake wa Afrika Magharibi walizipa ruwaza majina na misemo. Ruwaza ya mbayuwayu warukao, kwa mfano, nchini Ghana imehusishwa na fedha zinazoruka. Butler huyajua majina hayo na huyatumia kumwelezea mhusika.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwa kuwa anaijua kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo humfanya mnunuzi asite au atoe fedha. Kanga ya kumbukumbu huchapa sura na maneno pamoja, kama zilivyofanya zile za Barack Obama zilizouzwa mwaka 2008: sura katika mji, ujumbe chini yake. Kisanaa, sura hiyo ni nakala tu ya picha. Kimawasiliano, inaushinda mfarishi mwingi, maana sura haitengani na jina lake.

Kwa hiyo mshonaji anayechagua kitambaa kwa kufuata namba ya toni peke yake anakifanya bubu kitu kinachosema. Kanga ya msiba inaweza kuwa na weusi uleule wa kitenge cha harusi. Programu haitaona tofauti, ila bibi yeyote wa pwani ataiona.

5.0 Nani anabaki na jina?

Southside Sunday Morning (2018) inatokana na picha ambayo Russell Lee aliwapiga wavulana watano huko Chicago, siku ya Pasaka mwaka 1941, akiwa katika mradi wa picha wa serikali ya Marekani. Maelezo ya picha yanataja rangi yao, siku na mtaa. Majina hayamo. Butler alibadilisha anwani na kuondoa neno la rangi ambalo leo halitumiki kwa heshima, lakini wavulana wakabaki bila majina. Tofauti inaonekana katika kazi nyingine: picha yake ya Wangari Maathai, iliyotumiwa na jarida la Time mwaka 2020 katika mfululizo wa wanawake 100, ilianza na jina na ikabaki nalo.

Sheria haisaidii sana. Katika kesi ya picha ya mwanamuziki Prince iliyoamuliwa mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mpiga picha Lynn Goldsmith dhidi ya wakfu wa Andy Warhol. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo huilinda picha kwa miaka 50. Katika hali zote mbili haki inayopimwa ni ya aliyeshika kamera. Aliyesimama mbele yake hayumo katika hesabu hiyo.

Suala hili linaigusa kanda moja kwa moja. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na umewekwa mtandaoni. Katika mikusanyo ya kikoloni ya aina hii, bwana mkubwa hutajwa kwa jina na mpagazi kwa kazi yake. Msanii wa Kampala, Bujumbura au Mombasa anaweza leo kuipakua sura ya mpagazi huyo na kuishona kwa uzuri mkubwa. Lakini nguo ya kuazima haisitiri: uzuri wa kitenge hautaficha kwamba mtu huyo amechukuliwa mara ya pili bila kuulizwa alikuwa nani.

Kazi ya kuuliza inawezekana. Makumbusho ya Sanaa ya Carnegie huko Pittsburgh, yanayohifadhi picha zipatazo 80,000 za Harris, yamewaalika wakazi kuwatambua watu waliomo.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonesha kwamba picha huwa kitambaa kwa mfululizo wa maamuzi, na kwamba Butler ameyafanya vyema maamuzi ya mwanga na ya ruwaza. Uamuzi kuhusu jina unazihusu zaidi taasisi. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, hifadhi za nyaraka za kanda ziweke maelezo ya picha kwa Kiswahili na kwa lugha ya jamii husika, na ziyafunge ndani ya faili, huku zikiwaelekeza watumiaji jinsi ya kuhariri bila kuyapoteza. Pili, picha zipelekwe mitaani na vijijini kutambuliwa na wazee kabla ya kutolewa kwa matumizi ya kisanaa, kwa kuwa wanaoweza kuzitambua sura hizo wanapungua kila mwaka. Tatu, fedha za umma zinapogharimia kazi ya sanaa iliyotokana na picha ya zamani, mkataba umtake msanii aoneshe jina la mhusika, au aandike wazi kwamba lilitafutwa na halikupatikana. Sentensi hiyo fupi inaweza kushonwa pembeni mwa kazi, mahali ambapo kanga huweka jina lake.