Calvin, Hobbes na Ulimwengu wa Watu Wazima

Huenda msomaji akashangaa kukuta katika kurasa hizi uchambuzi wa katuni ya gazetini. Lakini mtu aliyempa mtoto mtundu wa miaka sita jina la mwanamatengenezo wa Geneva, na chui-milia wake wa kitambaa jina la mwanafalsafa Thomas Hobbes, amekwisha kuingia uwanjani mwetu bila kubisha hodi. Bill Watterson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1958, alisomea sayansi ya siasa katika chuo cha Kenyon, jimboni Ohio, akahitimu mwaka 1980. Mwaka 1990 aliwasimulia wahitimu wa chuo hicho jinsi alivyochora darini mwa chumba chake cha bweni nakala ya picha ya Michelangelo ya kuumbwa kwa Adamu. Katuni yake, Calvin and Hobbes, ilianza tarehe 18 Novemba 1985, ikakoma tarehe 31 Desemba 1995 kwa hiari yake mwenyewe, ilipokuwa ikichapishwa katika magazeti zaidi ya 2,000. Vitabu vilivyoikusanya vingali vikisomwa.

Jambo ambalo kila msomaji hulitambua mapema ni hili: Calvin awapo peke yake na Hobbes, Hobbes ni chui-milia mzima, mrefu kumpita mtoto, anayesema, kucheka na kubishana. Aingiapo mama, baba au jirani, picha ifuatayo huonyesha mwanasesere aliyelegea, macho yake vitone viwili. Wengi hukata shauri upesi kwamba chui ni ndoto ya mtoto na mwanasesere ndiye wa kweli. Hukumu hiyo hatuwezi kuikubali. Watterson alieleza katika kitabu cha kuadhimisha miaka kumi ya katuni hiyo, mwaka 1995, kwamba hamwoni Hobbes kuwa mwanasesere apataye uhai kwa mwujiza, wala kuwa zao la mawazo ya Calvin tu; Calvin humwona kwa namna moja, na wengine wote kwa namna nyingine. Naye mchoraji hapendelei upande wowote: wino ni ule ule. Kuna kisa ambamo Calvin anamtaka Hobbes amfunge kamba kitini, ili ajaribu kujifungua kama wafanyavyo wanamazingaombwe. Anashindwa. Baba anakuja, anamkuta mwanawe amefungwa barabara, asielewe mtoto aliwezaje kujifunga hivyo. Jibu halitolewi.

Tumepata kusikia Hobbes akitumiwa mimbarani kuwa mfano wa imani: aaminiye huona uhai pale ambapo asiyeamini huona kitambaa na pamba. Mfano huu wapendeza masikio, nasi twaomba usitumiwe. Ukichukuliwa kwa uzito, wamfundisha Mkristo kwamba Mungu yu hai kadiri mtu amwazavyo, na mawazo yakichoka hubaki pamba. Mgonjwa aliyedhoofika hata asiweze kuwaza lolote atashika nini? Sisi tumefundishwa kwamba wokovu wetu uko nje yetu, katika Neno na Sakramenti, wala hautegemei nguvu za fikira zetu. Tukitaka neno la kitheolojia juu ya Hobbes, afadhali tuanzie kwenye jambo lisiloangaliwa sana, yaani kwamba hamtii Calvin. Humvizia mlangoni atokapo shuleni na kumwangusha chini, humcheka, humsifu Susie Derkins, msichana jirani, ambaye Calvin ajidai kumchukia. Mtoto huyu asiye na ndugu wala rafiki mwingine wa karibu amepewa mwenzi anayempinga. Njozi zake nyingine haziko hivyo. Anapojigeuza Spaceman Spiff, rubani wa anga za mbali, mwalimu huwa dubwana, na shujaa ni yeye pekee.

Kuhusu watu wazima, baba yake, mwanasheria wa hati za uvumbuzi, huonekana kuwa mtu wa ukweli mkavu: baiskeli asubuhi ya baridi, kambi penye mbu, na fundisho kwamba taabu hujenga tabia. Lakini huyo huyo, aulizwapo na mwanawe kwa nini picha za kale hazina rangi, hujibu bila kutabasamu kwamba ulimwengu wenyewe haukuwa na rangi siku zile. Uwezo wa kubuni haukumtoka, umegeuka utani.

Visa viwili hutupeleka mbali zaidi ya utani. Katika kisa cha mwaka 1987 Calvin anaokota mtoto wa rakuni, mnyama mdogo wa porini, aliyejeruhiwa. Mbio kwa mama. Mama anatafuta boksi na kufanya awezalo, akijua kwamba halitatosha. Asubuhi mnyama amekufa, na baba ndiye apelekaye habari. Hapa hakuna Spiff, wala mashine yoyote ya boksi ya kuugeuza ulimwengu. Mtoto analia, baba hana maelezo ya kubuni, na mchoraji hamwokoi yeyote kwa mzaha. Twawashauri wanafunzi wanaojiandaa kwa huduma ya maziko wasome kisa hiki na kuhesabu maneno ya baba: ni machache.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1989. Familia inakwenda arusini, Hobbes anasahauliwa nyumbani. Warudipo, wezi wamekwisha kuvunja na kuingia. Calvin anamlilia chui wake hata apatikane. Usiku, mtoto akiwa amelala, baba yuko macho. Alipokuwa mdogo, awaza, alidhani watu wazima hujua la kufanya katika kila jambo. Angalifahamu kwamba nao hubahatisha, asingalikuwa na haraka ya kukua. Basi ni nani aishiye katika ndoto? Mtoto ana chui anayesema. Lakini pia ana baba asiyeshindwa na lolote, na huyu wa pili ndiye aliyebuniwa zaidi. Paulo anawaandikia Wakorintho juu ya kuyaacha ya utotoni, na katika sura iyo hiyo akiri kwamba hata sasa twaona kwa kioo, si wazi. Nusu hii ya pili twaisahau upesi.

Hatusemi kwamba Watterson humtukuza mtoto. La hasha. Calvin ni mchoyo, mwongo, mwenye kujipenda, na jina lake lamfaa. Mara moja anatengeneza kwa boksi nakala yake iliyo na wema tu, impokee kazi za nyumbani na shule. Nakala hiyo yatenda mema bila kuchoka, hata siku inapogombana na Calvin. Wazo moja baya laipitia, nayo yatoweka kama moshi. Hatujasoma mahali pengine maelezo mafupi kiasi hicho ya wema usioweza kusimama wenyewe.

Palipopungua ni shuleni. Mwalimu, Miss Wormwood, amepewa jina la shetani mwanafunzi katika kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1942, naye kwa miaka kumi hapati hata usiku mmoja wa kukesha kama ule wa baba. Wasomaji wetu walio walimu wana haki ya kulalamika.

Aidha, watu wazima wa Watterson hawaingii bustanini mwa mtoto ila kwa dhihaka au kwa dharura. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1530, akiwa ngomeni Coburg wakati wenzake wakitetea imani huko Augsburg, Luther alimwandikia mwanawe Hans, wa miaka minne, juu ya bustani yenye matofaa, mapea na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Wala hakuonea haya.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Watterson alikataa katakata Hobbes asitengenezwe kuwa mwanasesere wa kuuzwa, ingawa kampuni iliyosambaza katuni yake ilitaka hivyo, na fedha zilizokataliwa zilikuwa nyingi mno. Angekubali, swali la Hobbes ni nani lingejibiwa dukani.